Kabla hujafunga jeki ya tela kwenye Massey ya zamani, hesabu lita kwanza

Jeki ya kubinulia tela, ile inayosukumwa na oili ya trekta, ilikwama katikati. Tela lilikuwa na samadi karibu tani 3, bodi limeinuka kimo cha goti, halafu likagoma. Nilikuwa kwenye mteremko upande wa Dareda, Babati, na pampu ilikuwa inalia kama kokoto ndani ya kopo. Nikapiga resi. Makelele yakazidi, bodi halikusogea hata kidole. Nilipochomoa kijiti cha kupimia oili nikakuta povu jeupe kama maziwa yaliyotoka kukamuliwa. Samadi ile tuliishusha kwa koleo mpaka giza likaingia, na siku ya pili trekta likaenda kulala kwa fundi. Lilikaa huko wiki tatu, mvua za kupandia zikinyesha.

Tangu siku hiyo nimeshawasaidia majirani kadhaa kufunga haidroliki ya nje, yaani kutoa oili yenye presha ya kuendesha jeki, kwenye matrekta yao ya zamani, na karibu kila mmoja alikuja akiwa ameshanunua jeki, ameshanunua mipira, bado tu "kuunganisha". Hapo ndipo wengi tunapopotea. Kununua kunatangulia, hesabu inafuata, na trekta ndilo linalolipa.

Trekta langu ni Massey Ferguson 135. Aina hii ilianza kutoka kiwandani mwaka 1964, na kibati cha langu kinasema Coventry, Uingereza. Injini ni Perkins ya silinda 3, nguvu za farasi kama 45. Ni trekta jepesi, halina mambo mengi, spea zake unazipata Arusha hata Babati mjini, na fundi wa kijijini anaweza kulifungua akalirudisha. Ninalipenda na sioni haya kusema hivyo. Lakini haidroliki yake ina tabia yake, na usipoijua tabia hiyo utamlaumu fundi bure, au utabadilisha pampu nzima.

Harry Ferguson, aliyebuni mfumo wa pointi tatu ambao leo uko kwenye matrekta ya dunia nzima, alikuwa anafikiria jembe. Alitaka mikono ya nyuma iinue plau, na wakati wa kulima mfumo uhisi uzito wa udongo na kurekebisha kina wenyewe. Kwa kazi hiyo huhitaji oili nyingi. Unahitaji oili kidogo yenye presha kubwa, inayotoka kwa mpimo. Ndiyo maana ndani ya Massey 135 kuna pampu ndogo ya pistoni, imezama kwenye oili ya giaboksi na difu, inazungushwa na shafti inayokwenda kwenye PTO, ile shafti ya nyuma inayoendesha mashine zinazofungwa kwenye trekta. Kwa dakika moja inasukuma lita 15 hadi 20 hivi ikiwa bado nzima. Ukiwa na tela la kubinua, hizo si nyingi.

Sasa tabia yenyewe. Kwenye matrekta mengi, pampu ya haidroliki inasukuma oili muda wote injini inapowaka. Oili inazunguka na kurudi kwenye tangi hadi utakapovuta leva. Kwa Massey hizi, vali inayoongoza imewekwa upande wa kunyonya. Mikono ikishafika mahali ulipoitaka, pampu inafungiwa mlango wa kuingizia. Inazunguka lakini haina cha kusukuma. Kwa hiyo ukitoboa njia ya nje ukafunga mpira, ukawasha trekta, hakuna kitakachotoka. Fundi asiyezifahamu atakwambia pampu imekufa. Haijakufa. Inasubiri usogeze leva ya kwenye nusu duara, pembeni ya kiti, mpaka alama ya mwisho juu kabisa, ile ya kusukuma mfululizo. Hapo mlango unafunguka na oili inaanza kuja.

Ikishaanza kuja, lazima iwe na pa kwenda. Vali ya nje unayofunga iwe ya aina inayoacha oili ipite katikati na kurudi kwenye giaboksi wakati leva imetulia. Ukifunga vali inayoziba, oili itagonga ukuta, vali ya usalama ya ndani itapiga mluzi, na ndani ya dakika chache giaboksi litakuwa la moto kiasi huwezi kuweka mkono. Kuna matrekta yanayotaka kinyume chake. Baadhi ya John Deere za miaka ya 1960 na 1970 pampu yake inatunza presha muda wote na inataka vali iliyoziba katikati; ukiifungia vali ya Massey, pampu haitapumzika hata sekunde moja. Muulize muuza vali swali hilo kabla hujauliza bei, na akishindwa kukujibu nenda duka lingine.

Mahali pa kuchukulia oili kwenye 135 ni juu ya kifuniko cha lifti, karibu na kiti, palipo na kibamba kilichokazwa kwa bolti. Chini yake ndipo bomba la pampu linapopanda. Unatoa kibamba, unaweka kingine chenye tundu la kufungia mpira, au, vizuri zaidi, unaweka vali ya kuchagua njia: oili iende kwenye mikono au iende nje. Mimi mara ya kwanza niliweka kibamba kitupu, bila vali ya kuchagua, nikitaka kupunguza gharama. Nilichogundua ni kwamba oili, kama maji, hufuata njia nyepesi. Mikono ya nyuma ikiwa haina mzigo, yenyewe ndiyo inainuka kwanza mpaka mwisho, ndipo tela linaanza kufikiriwa. Na ukishusha tela, mikono nayo inataka kushuka. Vali ya kuchagua inamaliza ugomvi huo. Oringi zake, zile pete za mpira za kuzuia uvujaji, ziwe mpya, na uso wa chuma usuguliwe uwe safi, maana hapo presha inafika PSI 2,500 na zaidi.

Turudi Dareda. Kwa nini jeki ilikwama? Fundi alihisi pampu, mimi nilihisi oringi. Jibu lilikuwa kwenye jeki yenyewe. Nilikuwa nimenunua jeki ya mtumba iliyotolewa kwenye lori la tipa, ile ya mirija mitatu inayotoka mmoja ndani ya mwingine. Niliipenda kwa sababu ilikuwa nene na fupi, ikionekana ina nguvu. Nguvu ilikuwa nayo. Ila sikuwahi kukaa chini na rula nikajiuliza inakunywa kiasi gani.

Hesabu yake haihitaji shule kubwa. Pima kipenyo cha mrija kwa sentimita, kizidishe kwa chenyewe, zidisha kwa 0.785, halafu zidisha kwa urefu unaotoka. Gawanya kwa 1,000 upate lita. Jeki yangu: mrija wa kwanza kipenyo sentimita 11, urefu 50, ni lita 4.75. Wa pili sentimita 9.5, ni lita 3.5 na kidogo. Wa tatu sentimita 8, ni lita 2.5. Jumla karibu lita 11. Giaboksi la 135 lina oili kama lita 30. Yaani kila nilipobinua tela, theluthi ya oili ya trekta ilikuwa inahamia kwenye jeki. Kwenye uwanja tambarare ilikuwa inapona kwa shida. Kwenye mteremko, pua ya trekta ikiangalia chini, oili iliyobaki ilikimbilia upande mmoja, mdomo wa pampu ukabaki hewani, ikanyonya hewa. Pampu ya oili inayonyonya hewa inakufa kidogo kidogo, na ile sauti ya kokoto ndiyo kilio chake.

Siku hizi mtu akiniuliza kama achukue oili ya ndani ya trekta, namwambia apime jeki kwanza. Mpaka wangu ni robo: jeki isichukue zaidi ya robo ya oili iliyomo. Jeki ya mrija mmoja wa kipenyo cha sentimita 10 na urefu wa sentimita 80 inachukua lita 6.3. Hiyo ni sehemu moja ya tano, trekta litaibeba. Kwa lita 16 kwa dakika itapanda kwa sekunde 24 hivi, na kwa presha ya bar 150 (bar ni kipimo kingine cha presha, kama PSI) inasukuma karibu tani 12. Tela la tani 3 likifungwa jeki mahali sahihi halihitaji hata nusu ya hiyo. Kwa hiyo jeki nene si ujasiri. Jeki nene ni kiu.

Kuna njia ya mkato ambayo wengi wanaitumia na mimi niliitumia: kujaza oili kupita alama, ili jeki ikichota kibaki cha kutosha. Usifanye. Jeki ikirudi chini, ile oili yote inarudi ndani, inapanda, inatafuta pa kutokea. Kwangu ilipita kwenye sili za ekseli ikaingia kwenye ngoma za breki. Nilijua siku niliyokanyaga breki nikiteremka na tela, trekta likaendelea kutembea. Namshukuru Mungu barabara ilikuwa tupu.

Na bado hilo halikuwa kubwa kuliko uchafu. Jeki ya mtumba ilikuwa na tope jeusi ndani, kutu na vipande vya mpira wa sili zilizochoka. Kila ikishuka, uchafu ule ulirudi kwenye oili inayolainisha gia za trekta na kuingia kwenye pampu. Hata ukinunua jeki mpya, kapla, kile kiungio cha mpira, ikidondoka kwenye mavumbi, ukaifuta kwa shati ukafunga, umeingiza mchanga kwenye giaboksi. Ukitaka kuitoa pampu ya 135 lazima unyanyue kifuniko chote cha lifti, uchomoe shafti ya PTO, utoe pini za pembeni mwa giaboksi zinazoishikilia, ndipo uifikie. Zile wiki tatu ziliishia humo. Kama bado unataka kutumia oili ya ndani, weka filta kwenye njia ya kurudi, fungua jeki uioshe kwa dizeli na ubadilishe sili zote kabla haijagusa trekta, na kila kapla iwe na kofia yake. Nisingemwazima mtu yeyote tela linalotumia oili ya giaboksi langu, wala nisingefunga la kwake. Ni kama kuchangia sindano.

Mara ya pili nilibadili mawazo kabisa. Niliamua tela liwe na oili yake. Pampu ya gia inakaa kwenye PTO, tangi liko kwenye shingo ya tela, vali iko karibu na dereva, na hakuna tone linaloingia kwenye giaboksi la trekta. Kwa trekta la zamani naona ndiyo njia ya busara, hata kama mwanzo inagharimu zaidi. Trekta likichoka, pampu inahamia kwenye trekta lingine jioni hiyo hiyo.

PTO inazunguka mara 540 kwa dakika, na pampu ya gia ya kawaida inataka mwendo mkubwa kuliko huo. Hesabu yake: ukubwa wa pampu kwa sisi (cc, yaani sentimita za ujazo inazosukuma kila mzunguko), zidisha kwa mizunguko ya dakika moja, gawanya kwa 1,000. Pampu ya sisi 20 ikifungwa moja kwa moja kwenye PTO inatoa lita 10.8 kwa dakika, kidogo kuliko pampu ya ndani. Ukiiweka kwenye giaboksi dogo la kuongeza mwendo mara 3, inazunguka mara 1,620 na kutoa lita 32. Toa kidogo kwa uvujaji wa ndani, bado lita 29 au 30. Jeki yangu ya lita 11 inapanda kwa sekunde zisizofika 25. Nguvu inayoliwa ni lita mara bar, gawanya kwa 600: lita 30 mara bar 150 ni kilowati 7.5, sawa na nguvu za farasi 10. Trekta la farasi 45 halitashtuka.

Hapa kuna kosa nililoliona kwa macho yangu. Pampu za gia zina upande wa kuzunguka. Duka moja la spea lilinipa pampu ya upande wa kulia, kumbe giaboksi la kuongeza mwendo linageuza, linazungusha kushoto. Niliwasha. Presha ikaenda kwenye mdomo wa kunyonyea, ambao haukutengenezwa kuibeba, na sili ya shafti ikafyatuka kabla hata sijafika kwenye kiti. Lita kadhaa za oili mpya zikaishia mchangani. Kabla ya kulipa, angalia mshale kwenye mwili wa pampu, na uzungushe giaboksi kwa mkono uone shafti yake ya kutokea inazunguka upande gani. Dakika mbili tu.

Kitu kingine wanachosahau: pampu ikiwa kwenye PTO inataka kuzunguka nzima nzima pamoja na shafti. Lazima uifunge kwa mnyororo kwenye chuma imara cha trekta, mnyororo usilegee sana wala usivute pampu pembeni. Usiibane kwa vyuma viwili vigumu ukidhani unaimarisha. Shafti ikiyumba kidogo itavunja beringi.

Tangi nililichongesha kwa fundi wa kuchomelea, bati la milimita 3, lita 50. Usitumie pipa la dawa za shamba hata ulioshe mara kumi, na usitumie bati lenye zinki, kwa sababu zinki haipatani na kemikali zilizochanganywa kwenye oili. Mdomo wa kunyonyea uwe juu ya sakafu ya tangi kama sentimita 5 ili tope libaki chini, na mdomo wa kurudishia uzame ndani ya oili, upande wa mbali, katikati pawe na kibamba cha kutenganisha. Oili ikirudi kwa kumwagika kutoka juu inapiga povu, na povu ndilo lililoniangusha mara ya kwanza. Kofia ya tangi iwe na tundu la kupumulia lenye kichujio. Ndani nimetupia sumaku, na kila nikibadilisha oili naifuta naona kilichokwanguka.

Oili ninayotumia kwenye tangi hilo ni haidroliki namba 68, inayovumilia joto la kwetu. Kwa aliyechukua oili ya ndani ya trekta habari ni nyingine: aweke oili ya trekta iliyotengenezwa kufanya kazi zote mbili, gia na haidroliki. Oili ya injini iliyokwishatumika, ambayo nimeona watu wakiimimina bila haya, ina masizi na maji. Itamaliza pampu.

Mpira wa kunyonyea ndio unaodharauliwa kuliko yote. Uwe mnene, inchi moja na robo kwa pampu kama yangu, uwe mfupi, na uwe na waya wa kuzunguka ndani ili usijifunge wakati wa kunyonya. Weka klempu mbili kila upande. Hauna presha, kwa hiyo hautavuja oili nje. Utavuja hewa kuingia ndani, na hutaona kitu isipokuwa povu na ule mlio. Tangi likiwa juu kuliko pampu ni vizuri zaidi.

Mipira ya presha isome maandishi yake. Wa nusu inchi wenye wavu mmoja wa waya umepimwa kwa bar 160, wenye nyavu mbili bar 275. Vali yangu ya usalama imewekwa bar 150, lakini nimefunga wa nyavu mbili, kwa sababu tela likipita kwenye shimo likiwa limeinuliwa presha inaruka ghafla kuliko geji inavyoonyesha. Mpira wa kompresa ya upepo usiuguse. Na nipeli, vile vyuma vyenye uzi vya kuungia mpira: kuna uzi wa Kiingereza na uzi wa Kimarekani, na kwa nusu inchi yote miwili ina meno 14 kwa inchi. Unaanza kuingia vizuri kabisa, unadhani umepata, kumbe pembe za meno hazilingani; utakaza mpaka upasue na bado itavuja. Usitibu kwa utepe mweupe wa mabomba ya maji. Vipande vyake vinakatika, vinakwenda kukwama kwenye vali. Tumia washa ya chuma yenye mpira katikati, na ukae na fundi mmoja wa mipira anayejua nyuzi zake. Pale Unga Limited, Arusha, wapo.

Vali ya usalama ianze ikiwa imelegezwa. Funga geji, inua tela lenye mzigo, ongeza robo zamu kila mara hadi mzigo upande kwa raha, kisha simama hapo. Mtu anayekaza mpaka mwisho "ili iwe na nguvu" anahamisha kazi ya vali kwenda kwenye mpira, au kwenye kichwa cha mtu. Kwenye mdomo wa jeki weka kizuizi chenye tundu dogo ili bodi lishuke taratibu hata mpira ukikatika. Ni kipande cha chuma cha bei ya chakula cha mchana.

Njia nyingine zipo. Pampu ya kufungwa mbele kwenye pulei ya injini inaiacha PTO huru, lakini inataka kazi ya mashine ya kukereza iliyonyooka sana, na kwenye matuta ya shamba inakaa mahali pabaya. Kuna pampu ya umeme wa betri, ile ndogo yenye tangi lake. Nilikuwa naidharau. Mota ya kilowati 2 kwa volti 12 inavuta karibu ampia 170, inatisha kusikia. Lakini ukiiwasha dakika moja tu inakuwa imekula chini ya ampia 3 za saa, na hata dainamo ya zamani itazirudisha ukiwa njiani kurudi. Anayebinua mara tano au sita kwa siku, betri ikiwa nzima, itamfaa. Anayebeba mchanga wa ujenzi kutwa nzima, hapana. Na kama unachotaka ni kuinua matairi ya haro ya kuvuta, unahitaji vali ya njia mbili na mipira miwili. Jeki ya haro mara nyingi inasukumwa na oili pande zote mbili, si kama ya tela.

Klachi nayo ina neno. Kama 135 yako ina klachi ya hatua mbili, ukikanyaga nusu trekta linasimama lakini PTO inaendelea. Ukikanyaga mpaka chini PTO na pampu ya ndani vyote vinasimama. Wakati wa kumwaga, mara nyingi unataka usogee mbele hatua mbili mzigo ukiwa unatiririka. Mfundishe dereva mguu wa nusu. Kama klachi ni ya hatua moja, mwambie ainue bodi kwanza hadi juu, ndipo aondoke.

Sasa naomba unisikilize kama ndugu. Usiingie chini ya bodi lililoinuliwa na jeki peke yake. Kamwe. Wala kwa kuokota spana. Tela langu lina nguzo ya chuma iliyofungwa kwa bawaba, na kijana anayefanya kazi nami anajua kwamba nguzo isiposimama, yeye hainami. Usitafute uvujaji kwa kidole. Tundu la sindano kwenye mpira wa bar 150 linapiga oili kupita ngozi mpaka kwenye nyama, kidonda kinaonekana kama umechomwa na mwiba, hakiumi sana, na watu wanakwenda kulala nacho. Huyo ni mgonjwa wa upasuaji siku hiyo hiyo, asisubiri asubuhi. Akichelewa anaweza kupoteza kidole au mkono. Tumia kipande cha boksi, kipitishe juu ya mpira, oili itajichora hapo. Simamisha tela pasipo mwinamo wa ubavuni, kagua upepo wa matairi yote mawili, na tazama juu kabla hujavuta leva. Nyaya za umeme vijijini kwetu zimelegea, na bodi likisimama linafika mbali kuliko unavyodhani.

Siku ya kwanza ya kuwasha, mimina oili ndani ya pampu yenyewe kabla ya kufunga mpira wa kunyonyea, isizunguke kavu. Washa, acha mwendo wa chini kabisa dakika tano, leva ikiwa imetulia, usikie. Inua bodi tupu mpaka nusu, shusha, inua tena, mara sita au saba, hewa itoke. Jeki itakuwa inashtuka-shtuka mwanzoni, kisha itapanda kama imelainishwa. Shusha bodi, pima oili, ongeza iliyopungua. Pakia nusu ya mzigo. Pitisha boksi lako kwenye kila kiungo. Jioni, vyuma vikiwa vimepoa, kaza nati zote upya, kwa sababu washa mpya hukaa siku ya kwanza na kulegeza. Mimi nilifanya hivyo mwezi wa nane, uwanjani nyumbani, mama watoto akiwa amesimama mlangoni akihesabu sekunde kwa sauti. Alifika 23.